Kichwa cha Kinyozi, Nusu Kitunguu Nusu Mshubiri

Marehemu mume wangu alikuwa kinyozi mwenye kipara, na wateja hawakumwacha apumue. "Mganga hajigangi," fundi viatu wa jirani alikuwa akimwambia kila akikaa kunyolewa. Naye humjibu, "Tulia, wembe uko shingoni mwako."

Alicheka, lakini utani ulimwingia. Akaenda kupandikizwa nywele. Daktari alizitoa kisogoni, akazipanda utosini mojamoja kama miche, akamkataza kupaka chochote mpaka magamba yaanguke yenyewe. Alitii. Yalipoisha, akauliza habari za dawa za nyumbani.

"Mshubiri sioni ubaya wake," daktari alisema. "Kitunguu kikikuwasha, acha. Kama vinaotesha, mimi ushahidi sina."

"Basi nitautafuta mimi," akaniambia njiani.

Akagawa kichwa kwa kitana, mstari katikati. Kulia utomvu wa mshubiri, kushoto maji ya kitunguu, tuone nani mbabe. Asubuhi alijipaka mwenyewe. Jioni nilimpaka mimi, yeye kwenye kigoda jikoni, amenielekea. Mto wa kulalia ukanuka kitunguu.

"Baba watoto," nikamwambia, "niliolewa na kinyozi, siyo na sufuria."

Halafu nywele zote mpya zikapukutika. Siku hiyo hakufungua duka.

"Nimeziua kwa udadisi wangu," alisema, na chakula hakukigusa.

Daktari alimtuliza kwa simu: huwa zinaanguka, mizizi inabaki, asubiri. Akasubiri, akiendelea kupaka. Mimi nikamwomba Mungu, anayejua kila unywele wa kiumbe wake.

Miezi ikapita, zikaota. Laini kama za mtoto mchanga, na pande zote sawasawa. Mwingine angeshukuru akanyamaza. Yeye alikuna kidevu.

"Sare? Haiwezekani. Hebu nionyeshe mshubiri ulikuwa unapaka wapi."

Nikasimama mbele yake, nikamgusa.

"Huko ni kushoto, mke wangu."

"Ulisema kulia. Mkono wangu wa kulia si huu?"

Kinyozi husimama nyuma ya mteja, kulia kwake ni kulia kwa mteja. Mimi nilikuwa uso kwa uso naye. Kumbe kila upande ulipata dawa moja asubuhi na nyingine jioni. Alicheka mpaka akashika meza.

"Tunaanza upya, na wewe usimame nyuma yangu."

"Kwenye kipara kipi?" nikamuuliza.

Sidhani kama aliacha kulitafuta jibu. Moyo wake ulisimama ghafla akiwa dukani, kitana mkononi. Mungu ampumzishe.

Siku ya kumuaga nilikiomba kile kitana. Nikasimama nyuma ya kichwa chake, mahali pa kinyozi, nikamchana, nikianzia kulia kwake. Fundi viatu alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Zimeota vizuri, shemeji," alisema.