Redio na Msichana wa Benchi la Nyuma

Nilipelekwa kufundisha nikiwa bado najifunza kufundisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi tuliomaliza darasa la saba miaka ile, serikali ilipotaka kila mtoto aende shule na walimu hawakutosha. Asubuhi tulishika chaki, mchana tulikaa mbele ya mwalimu mlezi tukafundishwa sisi. Watu walituita walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na si wote waliolitamka jina hilo kwa heshima.

Kwetu ni Kerenge, upande wa Korogwe, kwenye migomba na mvua ya kutosha. Shule niliyopangiwa ilikuwa Handeni, mbali na barabara ya Kabuku, kwenye tambarare kavu ambako maji yalitekwa lamboni na ng'ombe walikunywa humo humo. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka vitongoji vyao, na nyumba zilipangwa kwa mistari kama mkonge shambani. Wengi walikuwa Wazigua. Palikuwa na familia chache za Kisambaa zilizoshuka milimani kutafuta mashamba. Pembeni, nyuma ya miiba ya maboma yao, walikaa wafugaji wa Kimasai. Wazee wao waliitwa kwenye mkutano wa kijiji wakaambiwa kila boma lilete watoto shuleni.

Walinipa darasa la kwanza. Ndani yake mlikuwa na watoto wa miaka saba na wengine walionizidi kimo. Watoto wa Kizigua walinisalimu shikamoo kwa sauti moja. Wale wa maboma walikuja wakainamisha vichwa na kusubiri niwaguse utosini, maana kwao mtoto humsalimu mkubwa hivyo. Siku ya kwanza sikuelewa, nikawaacha wameinama. Mwalimu mkuu alipoona alisema hapa si bomani, watasema shikamoo kama wenzao.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, msafi, suruali yake daima imenyooka ingawa pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa. Alikuwa ameijenga shule ile kwa mikono yake na ya wanakijiji, tofali juu ya tofali, na aliilinda kama mtu anavyolinda nyumba yake. Sheria yake ilikuwa moja: shuleni ni Kiswahili tu. Aliyesikika akisema Kizigua au Kimasai alichapwa. Hakuwa mkatili, na sitaki adhaniwe hivyo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba lugha moja ndiyo itakayowafanya watu wale wawe kijiji kimoja. Lakini kuna watoto waliokaa wiki nzima bila kufungua mdomo kwa kuogopa kukosea.

Msichana ninayemzungumzia alikaa benchi la nyuma kabisa. Alikuwa na miaka kama kumi na miwili, mrefu, kichwa kimenyolewa, na alikaa na binti wa baba yake mdogo. Herufi alizinakili vizuri kuliko darasa zima. Lakini nikimuuliza neno hakujibu. Nikisema simameni, alisimama wa mwisho, baada ya kuwatazama wenzake. Nilidhani ni Kiswahili kinamsumbua. Mwalimu mkuu alidhani vingine.

"Huyo anajua," aliniambia. "Ana kiburi tu. Hawa watu wa ng'ombe hawapendi kuamrishwa."

Kisha redio ikaja. Ililetwa kutoka wilayani, kwenye sanduku la mbao, pamoja na betri zake, ili watoto wafuate vipindi vya shule vilivyotangazwa kutoka Dar es Salaam. Wengi wao hawakuwahi kuona redio kwa karibu. Mwalimu mkuu aliiweka mezani darasani kwangu, kwa sababu ndiko walikokuwa wengi wasiojua Kiswahili, akafunga waya wa antena kwenye boriti. Sauti ya mwanamke ikatoka, ikawasalimu watoto, ikawaambia wasimame. Watoto wakasimama kwa mshangao, wengine wakicheka. Sauti ikasema rukeni, wakaruka. Yule msichana aliruka wenzake walipokuwa wamekwisha kuacha.

Mwalimu mkuu alimwita mbele akamchapa viganjani. Hakulia. Alikuwa anautazama mdomo wa mwalimu mkuu, kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Niliiona ile namna ya kutazama nikaikumbuka baadaye, lakini wakati ule sikuielewa.

Nilielewa wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko. Watoto walikuwa nje. Mimi nilibaki nikijaribu redio, nikaipata ngoma fulani, nikafungulia sauti mpaka meza ikatetemeka. Msichana akaingia kuchukua kalamu yake. Alipopita karibu na meza akasimama. Aliweka kiganja juu ya mbao ya redio, akakiacha pale, akafumba macho na kutabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu. Nikazima. Akafumbua macho, akaitazama redio, kisha akanitazama mimi kama ninayemwonea. Nikawasha tena, naye akarudisha kiganja.

Nilipunguza sauti, nikazunguka nikasimama nyuma yake. Nilimwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikasogea, nikaita tena. Nikazima redio, nikainama upande wa sikio lake la kulia, nikaita kwa nguvu kiasi kwamba mtu wa nje angedhani nagomba. Ndipo alipogeuka.

Miezi yote ile tulikuwa tukisema hajui Kiswahili. Kimasai nacho hakukisikia. Alikuwa ameishi kwa kusoma midomo ya mama yake, kisha tukamleta shuleni, mbele ya midomo inayosema lugha ambayo hakuijua, tukamchapa.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nimesomea udaktari wapi. Akasema mtoto asiyesikia hawezi kunakili vizuri namna ile. Halafu akanieleza jambo lililomkaa kichwani: mkaguzi atakuja mwezi ule kuona kipindi cha redio, na katika kipindi hicho hicho atanipima mimi, mtihani wangu wa vitendo. Siku hiyo, alisema, wote ambao Kiswahili chao bado wataenda kupalilia shamba la shule. Yule msichana akiwa wa kwanza.

Mwalimu mlezi, ambaye alinipenda, alinishauri ninyamaze. Nifaulu kwanza, kisha nitakuwa na mdomo wa kusemea.

Sikusema tena, lakini nilibadili mambo darasani. Nilimtoa nyuma nikamweka benchi la mbele, sikio la kulia likiwa upande wangu. Nilichora picha kwa mkaa juu ya vipande vya maboksi: ng'ombe, jembe, nyumba, kibuyu. Nilionyesha picha, nikatamka neno polepole nikimtazama usoni, kisha nikaliandika. Binti wa baba yake mdogo alimsaidia kwa ishara zao za nyumbani, na Kimasai kikimponyoka nilijifanya sikusikia. Na redio ilipozungumza, nilisimama kando yake nikayarudia maneno kwa midomo bila kutoa sauti. Hili lilikatazwa. Kitabu cha maelekezo kilisema redio ikisema, mwalimu anyamaze na akae, watoto wasibabaike kati ya walimu wawili.

Alianza kupokea maneno kwa kasi iliyonitisha, kana kwamba yalikuwa yamepanga foleni mlangoni kwake muda mrefu.

Asubuhi ya ukaguzi mwalimu mkuu alikuja mlangoni kwangu. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani nje. Alitaja majina, na watoto wakaanza kutoka mmoja mmoja, kimya, karibu wote wa maboma na wachache wa Kisambaa. Msichana hakusikia jina lake, lakini aliona wenzake wanatoka, akasimama. Niliweka mkono begani kwake, nikamkalisha.

"Mwalimu, na huyo," alisema mwalimu mkuu.

Nilimwambia, "Mwalimu mkuu, mkaguzi anakuja kuona darasa langu. Na darasa langu ndilo hili. Naomba na hao wengine warudi."

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama nimefikiri vizuri, maana nina mama anayenitegemea. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha, na sikuwa nimepata jibu; nilijua tu kwamba mkono wangu uko begani mwa mtoto na sitauondoa. Kabla hajasema lingine tulisikia Landrover ikipanda kutoka lamboni. Alitazama majembe, akatazama watoto waliojipanga uani, akawaashiria warudi ndani. Hakunitazama tena.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, aliyekaa nyuma na karatasi zake. Redio ikasema, watoto wakaitikia, nami nikasimama pale niliposimama siku zote, midomo ikicheza bila sauti. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza. Kipindi kilipokwisha alianza kuuliza maswali huku ameinamia karatasi. Watoto wawili walijibu. Kisha akamwelekezea kalamu msichana wa mbele, akauliza, bila kuinua uso, ng'ombe anatupa nini.

Msichana alikuwa akiutazama mdomo wangu. Mwalimu mkuu akasema haraka, "Huyo, ndugu mkaguzi, lugha bado ngeni kwake."

"Si lugha," nilisema. "Hasikii."

Mkaguzi aliinuka. Alipita kati ya mabenchi taratibu mpaka nyuma ya mgongo wa msichana, akapiga makofi karibu na kisogo chake. Darasa zima lilishtuka. Msichana aliendelea kunitazama mimi, akishangaa kwa nini uso wangu umebadilika. Mkaguzi akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na mtoto mdogo wa benchi la pili akaanza kulia.

Nilimwomba aache. Nikarudia swali mimi, nikimtazama usoni, nikiwa nimeshika picha ya ng'ombe. Msichana alisimama, akaenda ubaoni, akaandika "maziwa." Alifikiri kidogo, akaongeza "ngozi" na "mbolea." Kisha alilisoma lile la kwanza kwa sauti nzito iliyotokea mbali kooni. Watoto hawakuwahi kuisikia sauti hiyo. Hakuna aliyecheka.

Sikufaulu. Mkaguzi aliniita chini ya veranda akaniambia kwa upole kwamba nina moyo, lakini nimeharibu kipindi kwa kumfundisha mtoto mmoja na kuwaacha wengine na redio. Mtoto kama huyo, alisema, ana shule zake za viziwi, mbali kwa treni, na si kazi ya mwalimu ambaye hajahitimu. Nirudie mtihani mwaka unaofuata. Gari lilipoondoka, mwalimu mkuu alinigeukia pale uani.

"Umeniaibisha," alisema, akaondoka. Redio ikahamishiwa darasa la pili.

Siku ya tatu yake baba wa msichana alifika. Nilimwona kwa mbali, shuka lake na fimbo yake, akija moja kwa moja. Habari zilikuwa zimefika bomani kwamba binti yake amepigiwa makofi kisogoni kama ng'ombe anayepimwa mnadani. Mwalimu mkuu alitoka ofisini. Tukasimama watatu mbele ya darasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, lakini kwa jicho kali. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, alikijua kwa kuuza mifugo Korogwe.

"Mwalimu, umejua lini?" aliniuliza.

Nilimweleza habari za redio na kiganja. Alisikiliza akiwa ameinamia fimbo yake.

"Sisi tunajua tangu homa iliyomshika akiwa hata kutembea hajakaza," alisema. "Mlisema kila mtoto aende shule. Nikafikiri, nikiwaambia huyu hasikii, watasema huyu si mtoto. Nikamwambia mama yake tunyamaze. Na binti mwenyewe anajua kunyamaza."

Nilitazama chini. Mwalimu mkuu alikohoa.

"Nilimchapa, mzee," alisema hatimaye. "Nilidhani ni kiburi."

"Najua. Nilimwona mikono."

Walitazamana. Nilifikiri fimbo itainuka, na nadhani mwalimu mkuu alifikiri hivyo pia, lakini hakusogea. Baba yule alisema binti yake hatapanda treni kwenda mahali asipojua mtu. Kama anabaki shule hii, atabaki kwa mwalimu huyu, na hakuna mkono utakaomgusa. Kama sivyo, anamchukua sasa hivi.

"Atabaki," alisema mwalimu mkuu.

Alitimiza ahadi. Hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa sahihi, na kwa Kiswahili hakulegeza hata kidogo. Watoto wengine waliendelea kuchapwa kwa Kizigua chao, na tuligombana juu ya hilo mpaka nilipoondoka. Lakini mara moja nilimkuta uani amechuchumaa mbele ya msichana yule, uso kwa uso, akitamka neno "ufagio" polepole, akilirudia. Aliponiona akainuka, akajipangusa suruali.

Mtihani niliurudia, nikafaulu. Msichana alisoma kwangu miaka miwili. Alifikia kusoma gazeti, ukimpa muda, na alianza kumwandikia mama yake maneno ambayo mama hakuweza kuyasoma. Kisha mvua zikakosa, lambo likakauka likabaki tope lenye nyayo, na wafugaji wakaanza kuhama kuelekea Kiteto. Niliambiwa asubuhi kwamba boma lao linaondoka. Nilikimbia mpaka njia ya ng'ombe, nikawakuta wamekwisha kupita, punda mbele, wanawake na watoto nyuma katika vumbi. Nilimwita jina lake, nikaita tena, kabla sijakumbuka kwamba hasikii. Mama yake ndiye aliyesikia. Alimgusa bega.

Alirudi mbio mpaka niliposimama. Ingawa alikuwa karibu kunifikia kimo, aliinamisha kichwa, nami nikamgusa utosini. Tukaachana hapo. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Korogwe, shule yenye bati na madawati, na habari zake sikuzipata tena.