Siku Tisa za Ugonjwa Usiokuwepo

Kwa siku tisa za masomo mfululizo niliiarifu shule kwamba binti yangu ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameketi mezani jikoni kwetu mtaa wa Bredäng, hapa Uswidi, amekwisha kumaliza uji, penseli tatu amezipanga mbele yake kwa urefu, akiningoja niweke simu chini ili tuanze somo. Programu ya shule kwenye simu haikudai maelezo yoyote. Ilikuwa na kisanduku kimoja cha kuweka alama na kitufe kimoja cha kutuma. Nadhani kama ingenitaka niandike sentensi nzima, nisingeweza. Nadhani hivyo, lakini sina uhakika, na nimekwisha kulichunguza jambo hilo mara nyingi kuliko linavyostahili.

Niseme kwanza kilichotangulia. Mwezi Januari nilikuwa na tathmini ya kati ya masomo yangu ya uzamivu. Mtahini kutoka chuo kingine alikuwa amesoma kurasa zangu zote kuhusu maji ya ardhini. Akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama ninajua ninachokiuliza. Hakukusudia kunidhalilisha, alitaka kujua. Nilizungumza kwa dakika nane bila kumjibu. Nilipewa miezi sita niandike upya sura mbili, nikapanda treni ya kurudi nyumbani huku mikono nimeificha mifukoni kana kwamba kuna abiria aliyekuwa ananitazama.

Jioni ileile binti yetu, mtoto wetu wa pekee, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa na mgeni, msichana wa darasani kwake aliyekuja kucheza na kula. Chakula kilipofika mezani, nilimwona binti yangu akifanya ishara ya msalaba chini ya meza, ndogo sana, kama mtu anayejikuna tumbo. Kisha akala. Mgeni alipoondoka nilimwuliza kwa nini aliificha. Akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku hizi hata nikimsemesha kwa Kiswahili, kwamba hakuificha. Aliifanya mahali palipokuwa na nafasi.

Sijui ni lipi kati ya mambo hayo mawili lililonisukuma. Ningependa kusema ni la pili. Rafiki niliyesoma naye shahada ya kwanza, Mganda anayeishi Marekani, huwafundisha watoto wake wanne nyumbani, na kwa miaka mingi alikuwa akinisimulia siku zao: sala asubuhi, kisha hesabu, kisha maisha ya watakatifu wakati wa chai, baba na mama wakiwa walimu wa kwanza kama Kanisa linavyosema. Nikamwandikia. Akanitumia ratiba, orodha ya vitabu na baraka zake. Kwa majuma matatu, badala ya kuandika upya sura zangu, niliandika mtaala. Ulikuwa na malengo, njia za kupima malengo na kiambatisho. Ilikuwa kazi ya kwanza baada ya tathmini iliyonipa hisia kwamba ninajua ninachokiuliza.

Jambo hili nililipeleka kwenye jumuiya yetu ndogo. Hukutana Jumapili alasiri, nyumba kwa nyumba, kama tulivyozoea Tanzania, ingawa hapa Watanzania ni wachache na walio wengi ni Wakongo, Warundi na Wakenya. Siku hiyo tulikuwa Vårby gård, kwa mama mmoja Mkongo. Injili ilipokwisha kutafakariwa na matangazo kusomwa, tukafika kwenye mengineyo, nami nikaomba nafasi.

"Papa," mwenye nyumba akasema nilipomaliza, "wewe mwenyewe ungali ku masomo. Sasa nani atafundisha nani?"

Wakacheka. Mrundi mmoja, msaidizi wa darasa katika shule ya msingi, hakucheka. "Ndugu, hapa shule ni lazima, si hiari. Mtoto asipoonekana wanauliza. Wakiuliza ukakosa jibu, wanakuja."

"Lakini mzazi Mkatoliki ana haki ya..."

"Haki unayo. Na wao wana sheria."

Mwenyekiti wetu, mzee wa Kitanzania aliyekuja huku zamani kama mwanafunzi wa ufundi, alifunga daftari lake. "Kijana wangu, kasome hiyo sheria kwanza, halafu ndipo tukuombee. Usigeuze utaratibu."

Nikaisoma. Niliisoma kwa Kiswidi, na kamusi, mara nne. Ilisema kwamba mtoto aweza kufundishwa nje ya shule kwa kibali tu, pakiwa na sababu za kipekee kabisa. Na maelezo yaliyoambatana nayo yalionyesha wazi kuwa imani ya wazazi haihesabiwi miongoni mwa sababu hizo. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Mimi niliona neno "kibali", nikahitimisha kwamba palipo na kibali pana ombi, na penye ombi panatakiwa ushahidi. Mtafiti haombi bila matokeo ya awali. Kwa hiyo, nikajiambia, lazima kwanza kuwe na jaribio dogo la majuma mawili. Na ili mtoto awe nyumbani majuma mawili bila kibali, lazima awe mgonjwa. Kila hatua ilifuata ile iliyotangulia. Hata leo nikiirudia hoja hiyo siioni hatua niliyoteleza, ila naona nilikofika.

Mke wangu hufanya kazi ya usafi kwenye uwanja wa ndege, karibu na Märsta, na huondoka nyumbani kabla hatujaamka. Aliposikia mpango wangu aliniuliza, "Na shule?" Nikamjibu, "Shule wana taarifa." Maneno hayo yalikuwa sahihi, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimewapa taarifa asubuhi ya siku hiyo.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri, na ninalazimika kukiri hivyo ingawa kukiri kunanichanganya zaidi. Tuligawanya maharage makavu mafungu manne manne. Tulisoma habari za mashahidi wa Uganda, naye akataka kujua mdogo wao alikuwa na miaka mingapi na kama aliruhusiwa kuogopa. Siku ya nne aliniuliza swali zima kwa Kiswahili bila mwenyewe kugundua, nami nikaligeukia dirisha asinione uso. Mwalimu wake wa darasa aliandika ujumbe mmoja kuuliza hali. Nikajibu kwamba anaendelea vizuri. Sahihi pia.

Siku ya nane, kabla ya saa sita mchana, bahasha kubwa iliingia kwa tundu la barua mlangoni. Binti yangu aliiokota. Ndani mlikuwa na kadi iliyotengenezwa darasani kwake, ukubwa wa gazeti, imejaa michoro na majina, na juu yake kwa herufi za rangi maneno ya Kiswidi wanayomwandikia mgonjwa, apone haraka. Mtoto mmoja alikuwa amemchora kitandani, kipimajoto mdomoni. Mwingine alikuwa ameandika kwamba hakuna anayekaa kwenye kiti chake.

Aliisoma yote akiwa amesimama kwenye korido, polepole, kila jina. Kisha akaja mezani. "Baba, nina ugonjwa gani?"

Hakuuliza kwa hofu wala kwa lawama. Aliuliza ili ajue atawajibu nini.

"Wanakukumbuka," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaenda kuikunja kadi.

Siku ya tisa, Alhamisi, ratiba ilitaka tujiandae kwa kitubio chake cha kwanza, kilichokuwa Jumamosi ya juma lililofuata. Katekista wa parokia alikuwa amewapa watoto kazi ya kupitia Amri za Mungu na kuandika karatasini, kwa siri, watakayoungama. Nikamwacha peke yake jikoni kama inavyopasa. Baada ya robo saa akaniita nirudi jikoni.

"Katekista alisema tutaje na idadi," akasema. "Hili ni mara tisa, au ni mara moja ndefu?"

"Lipi? Usiniambie. Hiyo ni siri yako."

"La kuwa mgonjwa."

Nilivuta kiti nikaketi. Nikaanza kumweleza kwamba dhambi huhitaji ufahamu kamili na ridhaa kamili. Kwamba mtu aliyewekewa alama na mwingine, hasa mtoto, hasa asipoulizwa, hawezi kusemwa kuwa ametamka neno lolote. Kwamba kuna tofauti kati ya kusema uongo na kunyamaza penye uongo wa mwingine, ingawa kunyamaza nako, katika mazingira fulani... Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole kikiwa bado kwenye mstari wa tatu wa karatasi yake.

"Kwa hiyo si yangu."

"Si yako."

"Ni yako?"

"Ndiyo."

Akaufuta mstari ule kwa uangalifu, akapuliza vumbi la kifutio, akachana karatasi nyingine daftarini na kuisukuma upande wangu. "Basi iandike kwenye yako. Usipoandika utasahau."

Sikuandika. Nilisimama na kumpigia simu mwalimu wake. Nilimwambia kwa Kiswidi changu chenye vituo vingi kwamba mtoto hajaumwa hata siku moja, kwamba nimekuwa nikimfundisha nyumbani, na kwamba mama yake hakujua niliwaarifu kuwa ni mgonjwa. Nyuma yake nilisikia viti vikiburutwa.

"Watoto walikuwa na wasiwasi," akasema. Nilikuwa nimejiandaa kwa vifungu vya sheria. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Kisha akaniambia nimlete kesho yake, na Jumatatu nije na mama yake kuonana na mwalimu mkuu.

Mke wangu alirudi saa tisa alasiri, kizibao cha kazini kikiwa bado mwilini. Alisikiliza bila kukaa.

"Uliniambia shule wana taarifa."

"Walikuwa nayo."

"Ungekuwa mjinga ningekusamehe upesi zaidi," akasema. "Lakini wewe ulipanga. Ulijua nitakataa, ukachagua maneno." Akavua kizibao, akakikunja mara mbili zaidi ya inavyohitajika. "Na mtoto amejifunza nini?"

Nikaanza kumtajia: kugawanya kwa nne, mashahidi, amri hadi ya nane. Akaninyooshea kiganja ninyamaze. Hakuwa ameuliza hayo.

Jumatatu tulikaa watu wanne katika chumba kidogo chenye meza ya duara: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mke wangu na mimi. Walikuwa wapole kuliko nilivyotaka. Walisema siku zile tisa zitaandikwa kuwa za kukosa shule bila ruhusa, kwamba ombi la kumfundisha nyumbani ninaweza kulipeleka manispaa ila nisitarajie lolote, na kwamba mambo ya imani tunaweza kumfundisha saa zote nyingine alizo nasi. Mke wangu aliitikia kwa kichwa. Nami niliitikia, huku nikihesabu saa hizo nyingine na kujiuliza kwa nini hazikunitosha, na kama kweli zilikuwa za mtoto ama zangu.

Mwishoni mwalimu wa darasa akapendekeza binti yetu aitwe naye asikilizwe. Akaja, akaketi kwenye ncha ya kiti. Mwalimu akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama angependa zaidi kusoma nyumbani au shuleni.

Alimtazama mwalimu, akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na hapo akakawia. Nikajua hesabu aliyokuwa akiifanya: lipi ni kweli, lipi litamuumiza nani, na yapi yanaweza kusemwa bila kuharibu kitu. Majuma mawili kabla nisingedhani anaijua hesabu hiyo.

"Nyumbani ni kuzuri," akasema kwa Kiswidi. "Na shuleni pia ni kuzuri."

Mwalimu akatabasamu na kuyaandika. Mwalimu mkuu akasema hilo ni jibu zuri. Mke wangu aliinamisha macho mezani.

Tulipotoka uani kengele ilikuwa imekwisha kulia, na darasa lake lilikuwa limejipanga mbele ya mlango kwenye theluji iliyokanyagwa. Nilitaka kumshika bega nimwulize kama alimaanisha, na lipi kati ya mawili. Alikwisha kukimbia. Msichana aliyekuja kula kwetu alimsogezea nafasi mstarini, wakaingia. Mke wangu akasema atachelewa treni, akaenda zake kituoni.

Sijamwuliza mpaka leo. Kila jioni swali liko mdomoni, na kila jioni naona kwamba lolote atakalonijibu, sitajua namna ya kulipima.