Kitabu Kilichoishia Mlangoni

Kwa miaka thelathini na moja, kitabu chochote kilichochanika katika maktaba ya mji kilipelekwa chumba cha nyuma, kwa Mama Gundi. Huko alikuwa na sindano zake, uzi, kopo la gundi na ulimi usiochoka. "Mimi navitibu," alikuwa akiwaambia wenzake, "nyie kazi yenu kuviua tu." Na hakujisifu bure. Hakuna kitabu alichokishona kikarudi na malalamiko, hata kimoja.

Mwaka wake wa mwisho kazini, maktaba ikaamua mji mzima usome hadithi moja. Nakala mia mbili, nyingi zikiwa chakavu, zikapita mikononi mwake, kisha zikasambazwa kwenye viwanda, gereji, hospitali na popote penye watu watano walio tayari kukaa na kusomeana. Kila kundi lilipewa kadi ya kuandika maoni. Kadi zilizorudi alikabidhiwa Mama Gundi azibandike ukutani, maana wiki iliyofuata angeagwa mbele ya watu, na mkuu wa maktaba angezisoma kwa sauti.

Alikuwa akibandika huku anaimba, ndipo akafika kwenye kadi ya kundi la saluni. "Asanteni sana," iliandikwa, "kwa kumrudisha baba nyumbani baada ya maziko."

Wimbo ukakatika. Hadithi ile aliijua nje ndani: baba anapotea miaka mingi, anarudi, anabisha hodi, wanawe wanamfungulia, kisha, katika sura ya mwisho, anafariki na kuzikwa. Baada ya maziko hakuna kitu, ni jalada tu. Kumbe katika nakala ya saluni alikuwa ameshona mafungu mawili ya mwisho ya kurasa kinyume, la maziko likatangulia! Aibu gani hii, wiki ya kuagwa? Na mbele ya mkuu yule, mwanamke mkali wa kazi, ambaye tangu arudi kutoka kumzika baba yake mwezi uliopita hakuna aliyeyaona meno yake.

Akaitia kadi kwenye mfuko wa aproni, sindano na uzi mkobani, huyoo mpaka saluni.

"Nipeni kile kitabu," alisema kabla hata ya kukaa. "Nimewaharibia. Nakishona hapa hapa, dakika kumi tu."

Msusi alikuwa amebana kitana mdomoni. Akakitoa ili acheke vizuri. "Mama, sisi tuliona zamani! Namba za kurasa zinaruka, kwani sisi vipofu? Tukasoma kwa mpangilio wake, tukalia mpaka wateja wakatukimbia. Kesho yake tukasoma kama ulivyoshona wewe. Tukapiga kura. Umeshinda."

"Kura gani tena?"

"Wenzetu mji mzima wanamwacha makaburini," alidakia mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele. "Sisi wetu anabisha hodi, anafunguliwa, basi. Ukikigusa hicho kitabu, mama, tutagombana."

Mama Gundi alirudi kazini na uzi wake mzima. Angeweza kuichana ile kadi na asijue mtu. Lakini miaka thelathini na moja haimaliziwi kwa uongo, alijiambia, na miguu ikampeleka ofisini kwa mkuu. Akaeleza yote kwa pumzi moja, akaiweka kadi mezani.

Mkuu akaisoma. Akairudia. Akavua miwani.

"Kinaishia mlangoni?"

"Ndiyo, mkuu. Baba anaingia, wanampokea begi, kurasa zinaisha. Nisamehe, nitakirekebisha leo leo."

"Thubutu!" alisema mkuu. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, lakini meno yalionekana. Akavuta daftari la wanaoazima, akaandika jina lake mwenyewe. "Saluni wakimaliza, kije kwangu kwanza."

Mama Gundi akashusha pumzi ya siku nzima. Akaibandika kadi katikati kabisa ya ukuta, akiwa ameipaka gundi mara mbili isije ikabanduka.