Dakika Sitini za Mtungi wa Oksijeni

Mwalimu wangu wa kemia amefariki. Habari zilinikuta stendi ya Buzuruga juzi, na wasomaji wangu mniwie radhi: nilihuzunika, lakini pia nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeshamwomba msamaha.

Alikuwa msumbufu, nisimpambe kwa kuwa hayupo. Kidato cha tatu alitufundisha kanuni ya gesi, ile inayofunga pamoja presha, ujazo, joto na kiasi cha gesi, na hakupokea jibu lisilo na kipimo. Ukisema ishirini na nne, anauliza: ishirini na nne nini, samaki sato? Darasa linacheka, wewe umesimama. Nilimchukia kwa dhati.

Mwaka jana mama yangu alizidiwa na nimonia kijijini kwetu, Magu, na kituo cha afya kikaamua apelekwe Mwanza kwa gari la wagonjwa. Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu na ni jirani yetu, alikuja kumjulia hali. Muuguzi akasema mtungi wa oksijeni upo karibu nusu, unatosha. Mzee akainama kusoma geji, akauliza mtungi ni wa lita ngapi na mama anavuta lita ngapi kwa dakika, kisha akatoa kalamu. Nilimfokea, mtu mzima mimi, mama akinisikia: "Mwalimu, hapa si darasani." Alimwonyesha muuguzi kiganja alichoandikia: mtungi wa lita kumi, presha mara sitini ya hewa ya nje, joto halibadiliki, kwa hiyo gesi itakayotoka ni lita mia sita. Mama anatumia lita kumi kwa dakika.

"Dakika sitini, dada. Na safari ni saa nzima, kama hakuna kitakachotokea."

Muuguzi alikimbia wodini kuleta mtungi wa pili. Tulipofika Kisesa, pancha. Mtungi wa kwanza uliisha dereva akiwa bado anafunga nati. Muuguzi akahamishia mpira kwenye wa pili, mama akaendelea kupumua, nami nikakaa kando ya barabara nikalia bila aibu.

Mama alipopona tulikwenda naye kwa mwalimu. Nilimwamkia nikashindwa kuinua uso, nikamwomba radhi. "Uliogopa," alisema. "Mtu akiogopa anataka jibu fupi." Kisha akamuuliza mama habari za mahindi.

Siku hizi tunampenda asiyetuchelewesha, ofisini hata hospitalini. Anayeuliza sana tunamwita mjuaji. Mimi nimekoma. Kesho mama yangu anakwenda kumzika mwalimu, kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu mzee yule alikubali kufokewa ili amalize hesabu.