Upande Safi wa Jalada

Karani wa masjala ya hospitali yetu amefuga ukucha wa dole gumba kwa ajili ya majalada. Mapya hayaletwi siku hizi, kwa hiyo mgonjwa akifariki, yeye hutoa karatasi zake, hugeuza jalada ndani likawa nje, huburuta ukucha kwenye mkunjo mpaka ulie, kisha huandika jina la mgonjwa mpya upande ulio safi. "Marehemu abaki ndani, anayeumwa akae nje," husema, wala hacheki. Juzi wodi ilirudisha majalada matatu. La juu lilikuwa la mkewe, tuliyemzika wiki iliyopita. "Mzee, hilo tuachie sisi," nikamwambia. Alitoa karatasi, akaligeuza, akaburuta ukucha kama kawaida, ukalia kama kawaida. Mgonjwa mpya, binti aliyekuwa dirishani, akataja jina lake. Karani akaandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa kulala, akapuliza wino, akamsogezea.

"Baba, hili si jina langu."

"Najua, mwanangu."

Karani akaligeuza, akatazama, akaligeuza tena. Pande zote mbili kulikuwa na jina la mkewe.