Nilisoma Sukari ya Binti Yangu Barazani

Ndugu msimamizi wa kundi hili la wenye kisukari, nifichie jina langu, maana mitaa ya Mji Mkongwe ni myembamba na kila mtu humjua mwenziwe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na tisa, nimefiwa na mke. Ninaishi na binti yangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka ishirini na mbili. Ana kisukari tangu utotoni na hujidunga sindano kila siku.

Mwaka jana kaka yake aliyeko Maskati alimletea kifaa kidogo cha kubandikwa mkononi. Hupima sukari mchana na usiku, na namba huonekana kwenye simu. Binti yangu mwenyewe aliniunganisha ili nami nizione. Aliniambia, "Baba, ikishuka sana nami nimelala, simu yako italia. Uniamshe." Mara mbili ililia. Nilimwamsha, nikampa chai yenye sukari, akapona.

Kosa langu lilianza barazani, ninapokunywa kahawa na wenzangu kila alasiri. Nilitaka kujivunia kifaa, nikawasomea namba. Ikawa desturi. Nikifika tu huniuliza, "Maalim, binti leo kapata ngapi?" Nami, sukari ikiwa imepanda, kwa mazoea ya ualimu hujibu kama ninayesoma matokeo ya mtihani: "Kumi na sita. Kafeli!" Tunacheka. Sikuwahi kurudi nyumbani nikamuuliza aliyepata hiyo kumi na sita kama anaumwa, au ana huzuni.

Mwezi uliopita alikwenda kununua halua ya wageni wetu. Muuzaji, ambaye ni mwenzetu wa barazani, akamwambia mbele ya wateja, "Sikuuzii, mwanangu. Baba'ako kashatusomea, leo una kumi na nne. Umefeli!" Duka zima likacheka.

Alirudi mikono mitupu. Hakupandisha sauti. "Nilikupa namba zangu uniamshe, Baba. Sikukupa uwachekeshe watu." Akachukua simu yangu, akaniondoa nisizione tena namba zake.

Kifaa bado anakivaa. Lakini Jumamosi anahamia Matemwe, kijiji cha pwani mbali na mji, amepata kazi hotelini, na atalala chumba cha peke yake. Usingizi wake ni mzito. Simu yake mwenyewe haijapata kumwamsha hata siku moja. Nilikuwa nikimwamsha mimi.

Nimemwomba radhi. Akajibu, "Nshakusamehe, Baba. Lakini namba, hapana." Nikamsihi basi amuunganishe hata mfanyakazi mwenziwe wa huko. Akanitazama. "Ili naye akawasomee nani?"

Neno hilo ndilo linalonitoa machozi. Sikujiharibia mimi tu. Nimemfanya asimwamini mtu yeyote. Baraza nimeiacha. Jana wenzangu walipiga simu kuuliza kama nimewasusa, sikupokea.

Nyinyi vijana mnaoishi na maradhi haya, nakuombeni mnijibu kwa ukweli, hata kwa ukali. Mzazi aliyemwaibisha mwanawe afanye nini ili aruhusiwe tena kumwamsha? Zimebaki siku tano.