Mguu Uliokanyaga Breki

Sikuwa nimekunywa, sikuwa nimelala, wala haikuwa usiku. Naanza na hayo kwa sababu kila ninapoeleza jambo hili kuna mtu hukohoa na kuniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimeonja chang'aa. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, jua la Nakuru limesimama juu ya mabati ya gereji, na mimi tumbo tupu na akili timamu. Wajukuu wangu hucheka. Wewe pia cheka ukitaka, lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa maana niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili.

Miaka ile ya Hali ya Hatari nilikuwa fundi katika gereji ya Kalasinga mmoja karibu na stesheni ya reli. Aliitwa Kirpal. Baba yangu alikuwa mtu wa Kakamega aliyekuja kufanya kazi ya reli, mimi nikazaliwa papa hapa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na shule iliponishinda Kirpal ndiye aliyenichukua akanifundisha kazi tangu kushika spana. Alikuwa mkali. Ukiangusha nati mchangani alikufanya uitafute kwa magoti. Lakini wenzangu wawili Wakikuyu walipochukuliwa na askari, ni yeye aliyekuwa akipeleka unga kwa wake zao, na hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu ndiye niliyebeba magunia. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi.

Basi Kirpal akapatwa na wazimu wa gari. Alinunua gari dogo la Kiingereza la viti viwili, rangi ya kijani, la kutembelea tu mjini, kisha akataka kulipeleka kwenye mbio. Nje ya mji kulikuwa na barabara zilizoachwa na wanajeshi baada ya vita, zinazunguka na kurudi zilikoanzia, na Wazungu wa klabu walikuwa wakikimbizana humo siku za Jumapili. Kirpal aliwasumbua mpaka wakakubali aje Jumapili moja na gari lake la barabarani, azunguke, wamtazame. Wengine walimcheka mbele yake. Akacheka nao, akarudi gereji, akaniambia, "Fundi, hii gari lazima iende kama risasi na isimame kama ukuta."

Wiki nzima tulilivua nguo gari lile. Tulitoa bampa, turubai ya juu, kioo cha mbele na tairi la akiba. Taa tulizibandika plasta, ili zikivunjika vioo visimwagike njiani na kukata matairi ya wengine. Boneti tuliifunga kwa mkanda wa ngozi, na plagi ya kumwagia oili nikaipitishia waya isije ikafunguka kwa mtikisiko. Kirpal mwenyewe alipaka namba mlangoni, akaifuta, akaipaka tena, akarudi nyuma kuitazama kama bibi harusi anavyotazama gauni. Breki aliniachia mimi. Nilizifanya Ijumaa jioni, na hapo ndipo nilipokosea.

Gereji yetu haikutupa kopo. Oili ya injini na mafuta ya breki tuliyaweka kwenye makopo ya zamani ya rangi, yote ya namna moja, yamesimama pamoja rafuni. Kilichoyatofautisha ni kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mkono wa kopo la breki. Kirpal alikuwa na amri nyingi, na nyingine tulizifanyia mzaha, lakini hii hakuna aliyethubutu: kitambaa chekundu hakiguswi. Hakutueleza kwa nini. Sasa, kila Ijumaa ilikuwa desturi yetu kufua matambara yote kwa petroli na kuyaanika uani. Ijumaa ile kile kitambaa kilikuwa kimeshika uchafu mpaka kimekuwa cheusi. Nikasema moyoni, gari linakwenda mbele ya Wazungu, mbona gereji ibaki chafu? Nikakifungua, nikakifua, kikakauka na kung'aa, nikakifunga tena. Nilikifunga kwenye kopo la oili. Mikono na pua yangu vilikuwa vimejaa petroli, nisingenusa hata samaki aliyeoza. Nikamimina oili ile kwenye breki nikidhani ndiyo mafuta yake.

Kama wewe si fundi, nikueleze kwa ufupi. Ndani ya breki mna raba ndogo. Mafuta ya breki hayazidhuru, lakini oili ya injini huzifanya zifure kama mandazi kwenye karai, zikalainika. Ukienda sokoni polepole huenda usijue lolote. Ukikimbia ukafunga breki, ukakimbia tena ukafunga tena, joto linapanda, mpaka unakanyaga na gari linaendelea kwenda. Na uwanja wa mbio ni kukimbia na kufunga breki kuanzia asubuhi.

Jumamosi ile tulifunga saa sita. Kirpal akaenda kula kwake. Nilibakiwa na kazi moja, kutoa hewa kwenye breki, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Lazima mmoja akae kitini akanyage pedeli, mwingine alale chini karibu na gurudumu afungue na kufunga. Nilikuwa nimelala juu ya gunia, natazama gurudumu la nyuma, nalaani kuwa peke yangu, ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Fundi, unataka mguu?"

Alikuwa mtu wa makamo, amevaa ovaroli ya bluu iliyopauka. Mwanga ulikuwa nyuma yake, uso sikuuona vizuri. Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu magharibi. Nilifurahi, mbona nisifurahi?

"Ingia, ndugu. Nikisema kanyaga, kanyaga ushikilie. Nikisema achia, achia."

"Najua," akasema.

Sasa sikiliza hapa. Gari lile lilikuwa jepesi. Kirpal akiingia lilishuka kama kitanda cha kamba, na hata mimi nilivyokuwa mwembamba lilishuka. Uso wangu ulikuwa karibu na springi, pengine shubiri moja. Mtu yule alipanda, nikasikia ngozi ya kiti ikilia, na springi haikusogea hata kidogo. Niamini. Niliitazama nikingoja. Halafu unajua nilijiambia nini? Nilijiambia huyu hajala siku nyingi. Mtu akiogopa hukubali maelezo yoyote.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nikafungua, mafuta yakapita kwenye mpira mwembamba nilioufunga pale hadi ndani ya chupa, na mapovu. Nikafunga. "Achia." Tukafanya hivyo magurudumu matatu, vizuri kabisa, kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi. Kwenye gurudumu la nne nilisema kanyaga, na yeye hakujibu kama mwanzo.

"Fundi, haya si mafuta ya breki."

"Ni ya breki. Nimeyatoa kwenye kopo lenye kitambaa."

"Mguu unayajua," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana naikumbuka. "Mimi nilikanyaga haya haya, nikiteremka mlima Menengai na lori. Mara ya kwanza lilishika. Mara ya pili lilishika. Mara ya tatu mguu ulikwenda mpaka sakafuni. Mwambie Kirpal asiende."

Nikainuka kumtazama. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa gereji uko hatua ishirini kutoka pale, na hakuna aliyeupita. Lakini hilo silo lililonifanya nikae chini. Pedeli ilikuwa bado imekanyagwa. Hakuna mguu, hakuna mtu, na pedeli imelala chini imeshikiliwa.

"Achia," nikasema.

Ikapanda polepole, kama mtu anayeondoa mguu kwa adabu.

Nilinawa mikono kwa sabuni mara tatu, nikanusa ile chupa. Oili. Nikafungua silinda moja ya breki, nikatoa raba. Ilikuwa imefura na kuwa laini, nikiiminya inabonyea. Raba nyingine zingetoka Nairobi, na si kabla ya Jumatatu.

Nitakwambia ukweli wote, hata unaoniaibisha. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa kumwokoa Kirpal. Nilifikiri nimwage oili, nisafishe, nitie mafuta sahihi, nirudishe kitambaa mahali pake na ninyamaze. Labda raba zingevumilia siku moja. Nani angejua? Siku zile mtu asiye na barua ya mwajiri aliokotwa barabarani na kurudishwa kwao, na mimi kwetu ni pale pale landhi, sina kwingine. Nilishika lile kopo mkononi muda mrefu. Kisha nikamwona Kirpal akilini, na kilemba chake, anaingia kwenye kona mbele ya wale waliomcheka, anakanyaga. Nikaliweka kopo chini.

Alirudi saa nane na chapati zilizofungwa kwenye karatasi, zangu. Nilimwambia kabla hajaketi. Nilianza na kitambaa, nikaja kwenye kopo, nikaja kwenye raba. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Ndipo nikamweleza habari za yule mtu, nikidhani atasema nimepata kichaa.

"Yeye nasema mara ngapi lilishika?" akaniuliza.

"Mara mbili, Bwana. Ya tatu mguu ulikwenda mpaka sakafuni."

Kirpal akakaa juu ya tairi, chapati mkononi.

"Iko mtu mmoja tu dunia hii najua hiyo mara tatu," akasema. "Mimi. Mimi nalikaa kando yake. Mimi naruka, yeye nashika usukani, maana chini iko watu."

Akanieleza yote. Fundi wake wa kwanza aliitwa Barasa. Miaka saba kabla, Kirpal mwenyewe, kwa haraka, alimimina oili kwenye breki za lori, makopo yakiwa hayana alama, kisha wakaenda kulijaribu. Barasa alifia pale. Polisi walipouliza, Kirpal alisema dereva alikuwa amelewa. Neno moja tu. Baada ya mazishi ndipo alipofunga kitambaa chekundu kwenye kopo. Aliwatunza watu wengine wote, lakini mke wa Barasa hakuthubutu hata kumtazama usoni.

"Hiyo kosa yako, wewe nasema siku moja tu," akaniambia. "Yangu nakaa miaka saba."

Jumapili hatukwenda uwanjani. Tulipanda lori lake tukaenda Molo, kwenye shamba la mzungu ambako mjane wa Barasa, Mama Nafula, alikuwa kibarua wa kuchuma maua ya pareto. Ilikuwa baridi, ukungu umelala mashambani. Tuliwakuta watu wa shamba wakisali ndani ya stoo ya mazao, madebe yakiwa viti. Kirpal alisimama nje mpaka wimbo ukaisha, akavua viatu kama afanyavyo kwao, akaingia. Mhubiri hakujua la kufanya. Kirpal aliwaomba wamsikilize, akawaambia kwa Kiswahili chake kile kile kwamba Barasa hakuwa amelewa, aliyetia oili ni yeye, na aliyewadanganya polisi ni yeye. Machozi yalimtiririka kwenye ndevu na hakuyafuta. Mimi nililia pia, sioni haya.

Mama Nafula hakupiga kelele. Alitoka nje, tukamfuata. Alisimama anatazama safu za pareto, mikono yake imepasuka kwa kazi. Mimi nilidhani atatufukuza, na tungestahili.

"Mume wangu hakuwa akionja pombe," akasema mwishowe. "Nilijua. Mwaka wa kwanza niliwabishia watu wote. Mwaka wa pili nikachoka. Halafu nikaanza kuamini. Mtoto akiniuliza baba alikufaje, nilimwambia baba yako alikuwa mlevi, alitutupa." Akamgeukia Kirpal. "Miaka mitano nimemkasirikia maiti, Bwana. Sikuwahi hata kupalilia kaburi lake."



Kirpal alipokwenda kuwaambia polisi, walimjibu kwamba faili ilifungwa zamani. Mama Nafula hakumwambia amesamehe, si siku ile wala baadaye, ila aliporudi kwao Bungoma kulisafisha kaburi alikubali lori letu limpeleke. Miezi miwili baadaye Kirpal alizunguka uwanja wa Wazungu, breki nzima, akamaliza wa pili kutoka mwisho, akacheka mpaka kilemba kikalegea. Mimi niliendelea na ufundi miaka thelathini zaidi. Mtu akija kunisaidia kukanyaga, bado naitazama springi kabla sijasema neno, na mafundi wangu hudhani ni tabia ya uzee.

Yule mtu hakurudi tena. Nami nakuonya wewe unayenisikiliza, uwe fundi, daktari au mpishi: ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata sauti ikitetemeka, hata kazi ikienda. Usidhani kwa kuwa unayemsingizia amekufa, mambo yameisha. Nyuma yake ameacha mtu aliyempenda, na wewe ndiye unayemfundisha kumchukia.